London hadi Amsterdam: Dakika 26 Zinazokula Nusu Siku

Tiketi mbili zilikuwa mezani. Ya kwenda ilisema ndege inaondoka London Heathrow 10:00 na kufika Amsterdam Schiphol 12:20. Ya kurudi ilisema inaondoka Amsterdam 10:00 na kufika London 10:20. Binamu yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasafiri Ulaya, alizitazama kwa zamu, akazigeuza nyuma kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akauliza: "Ina maana hii ya kurudi ndiyo inayoruka, ile ya kwenda inatembea kwa miguu?"

Ukiwa na jamaa Uingereza au Uholanzi, na ikajulikana kuwa umewahi kupanda ndege mara mbili tatu, maswali ya namna hii huyakwepi. Safari hii ni miongoni mwa zenye ndege nyingi zaidi kati ya nchi na nchi barani Ulaya, na watu wa kwetu huipitia sana, kwa kuwa ziko ndege zinazotoka Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam zikatua Schiphol, na hapo abiria akaunganisha kwenda London. Haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

Ni kilomita ngapi hasa?

Kutoka Heathrow hadi Schiphol ni kilomita 370 hivi. Ukipenda maili za nchi kavu, ni 230. Rubani yeye hahesabu kwa hizo wala kwa kilomita. Anatumia maili za baharini, kama nahodha, na kwa hizo umbali huu unaangukia karibu kabisa na 200. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Na mwaka 1852 ndio mwaka ambao ziwa la Haarlemmermeer lilimalizwa kukaushwa kwa pampu za mvuke, na juu ya sakafu ya ziwa hilo ndipo uwanja wa Schiphol ulipokaa leo, zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari. Namba hizo mbili hazina uhusiano wowote. Nimezitaja kwa sababu mtu akizikuta pamoja hazisahau tena.

Kwa msomaji wa kwetu, kipimo kizuri ni hiki: Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni kilomita 420 na ushei. Yaani London na Amsterdam, miji mikuu ya nchi mbili zilizotenganishwa na bahari, ziko karibu zaidi kuliko Nairobi na Mombasa. Hata hivyo ndege ya Mombasa kwenye ratiba hupewa kama saa moja, na hii ya Ulaya hupewa saa moja na robo au na dakika ishirini. Njia fupi, muda mrefu. Sababu zake tutazifikia.

Hizo kilomita 370 hupimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Chukua chungwa, chomeka vijiti viwili vya kiberiti, funga uzi kutoka kijiti kimoja hadi kingine, uuvute ukaze. Uzi utajilaza wenyewe pale palipo karibu zaidi. Wataalamu wa anga hufanya hivyo hivyo kwa hesabu. Kwa safari fupi kama hii, uzi juu ya chungwa na rula juu ya ramani havitofautiani sana. Tofauti huja kwenye safari ndefu: Amsterdam hadi Tokyo, rula inakupitisha Asia ya kati, ilhali uzi unapanda kaskazini hadi kukaribia Bahari ya Aktiki. Kwa hiyo ukiona kwenye kioo cha kiti chako ndege imepinda kama upinde, usimlaumu rubani. Ramani ndiyo iliyopinda.

Lakini kabla ya kuhesabu chochote, uliza: London ipi? Mji huo una viwanja kadhaa vinavyojiita kwa jina lake. Kuna Heathrow magharibi, Gatwick kusini, Stansted na Luton kaskazini, Southend kule pwani ya Essex, na London City ndani ya mji wenyewe, pale palipokuwa na gati za zamani. Kutoka City hadi Schiphol ni kilomita 335 tu. Nawafahamu waliokata tiketi ya kufikia kiwanja kimoja na ya kuondokea kiwanja kingine, saa tatu katikati, wakidhani ni kuvuka ukumbi. Kutoka Stansted hadi Heathrow ni safari ya kuvuka au kuuzunguka mji mzima. Zile herufi tatu kwenye tiketi, LHR, LGW, STN, LTN, SEN au LCY, zisome kabla ya kusoma bei.

Kama ni kilomita 370 tu, saa moja na robo inakwenda wapi?

Hapa ndipo penye uhondo. Ndege ya abiria ikishatulia angani huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Gawanya: kwa mwendo wa 850, kilomita 370 ni dakika 26. Chai haijapoa.

Ndege haiwi katika mwendo huo ila kwa kipande kidogo cha safari. Katika njia hii mara nyingi hupanda futi 23,000 hadi 27,000 hivi, si zile 35,000 na zaidi za safari ndefu, kwa sababu haina nafasi. Marubani wana kanuni yao ya kichwani ya kushuka: kila futi 1,000 unazotaka kushuka, jitengee maili tatu za baharini. Ukiwa futi 25,000, unahitaji maili 75 za kushukia. Kupanda nako kumekula maili 60 hivi. Ondoa zote mbili kwenye maili 200. Mwendo kamili umebakiwa na maili 65, kama dakika kumi. Tena chini ya futi 10,000, kwa kawaida ndege hairuhusiwi kuvuka noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa. Ndiyo maana wahudumu wa safari hii hugawa vinywaji mbiombio kama wauza maji kwenye dirisha la basi, na kabla hujafungua pakiti ya biskuti wameanza kukusanya taka.

Kwa hiyo angani ni kama dakika 45. Hiyo nusu saa nyingine iko chini, kwenye lami.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi wala hauishi magurudumu yanapogusa. Unaanza pale vile vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa na ndege ikasukumwa nyuma kutoka mlangoni, unaisha pale inapoegeshwa kwenye mlango wa upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na sheria imeiwekea kikomo cha miruko na mitua 480,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku, toa saa za usiku ambazo ndege hubanwa, utakuta kwamba ndege moja inaruka au kutua kila chini ya dakika moja, tangu alfajiri hadi usiku. Njia moja kwa kawaida hutumika kutua, nyingine kuruka, na kwenye hiyo ya kuruka kuna foleni. Dakika kumi na tano za kukokotana nyuma ya mikia ya wenzako ni jambo la kawaida kabisa.

Halafu kuna kichekesho cha upepo. Ndege hupenda kuruka na kutua ikiuelekea upepo, na upepo wa Uingereza mara nyingi hutoka magharibi. Basi ndege ya kwenda Amsterdam, ambayo iko mashariki, huanza safari yake kwa kuelekea magharibi, upande wa Windsor kwenye ngome ya mfalme, kisha inageuka. Kilomita za kwanza za safari yako unazitumia kuukimbia mji unaokwenda.

Upande wa Schiphol kuna kisa kingine. Uwanja ule una njia sita za kurukia, na mojawapo, Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilijengwa mbali makusudi ili kelele zisiwasumbue wakazi. Ina urefu wa mita 3,800 na iko mbali kiasi kwamba ndege ikishatua, hutembea dakika kumi hadi ishirini kabla ya kufika jengo la abiria. Inapita kwenye daraja juu ya barabara kuu ya magari. Unachungulia dirishani unaona malori yanapita chini ya tumbo la ndege, na mashamba ya kijani yaliyonyooka kama yamekatwa kwa kisu. Binamu yangu alituma ujumbe: "Tumetua." Baada ya dakika kumi na tano akatuma mwingine: "Bado tunatembea. Nilikwambia hii inatembea kwa miguu."

Wakati wa kurudi, adha huwa angani. Heathrow ina maeneo manne ya kusubiria yaliyo juu ya vitongoji na vijiji vinavyoizunguka London: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Inayotoka Amsterdam kwa kawaida hupelekwa Lambourne, kaskazini mashariki mwa mji. Pale ndege huzunguka moja juu ya nyingine kama sahani kwenye kabati, zikitenganishwa na futi 1,000, ya chini ikitolewa zote zinateremka ngazi moja. Mzunguko mmoja ni kama dakika nne. Utajua umo humo kwa kuangalia jua: linaingia dirisha la kushoto, linahamia la kulia, linarudi la kushoto. Likirudi mara tatu, hesabu dakika kumi na mbili.

Mashirika yanayajua haya yote, na huyaingiza kwenye ratiba mapema. Rubani akitangaza kwa bashasha kwamba tumefika dakika kumi kabla ya wakati, furahi, lakini usimpigie makofi mengi. Dakika hizo zilikuwa zako tangu mwanzo; ulizilipia kwenye tiketi, na siku foleni haikuwepo ukarudishiwa.

Je, kwenda na kurudi ni muda uleule?

Karibu, ila si uleule. Katika anga ya Ulaya upepo wa juu hutoka magharibi kwenda mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, na majira ya baridi huzidi nguvu. Wazee wa majahazi wangelielewa hili bila kuelezwa: aliyetaka kwenda Uarabuni alingoja kusi, aliyetaka kurudi Pemba na Lamu alingoja kaskazi, na aliyelazimisha safari upepo ukiwa wa omo alijua atakachokipata. Ndege hailazimiki kungoja msimu, lakini upepo wa tezi huisukuma na upepo wa omo huizuia vilevile. Kwa safari fupi kama hii tofauti ni dakika tano hadi kumi. Kwa ndege inayovuka Atlantiki inafika saa nzima na zaidi.

Dakika tano hizo, basi, hazitoshi kueleza zile tiketi mbili za mezani.

Sasa kwa nini moja inasema saa mbili na dakika ishirini, nyingine dakika ishirini?

Kwa sababu saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo wakati huo. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, saa ya kufika ni ya mji unaofikia. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, mwaka mzima. Ukienda, ongeza saa moja kwenye saa yako ya mkononi, ukirudi, punguza. Toa saa hiyo kwenye tiketi ya kwanza na uiongeze kwenye ya pili, zote mbili zinabaki saa moja na dakika 20.

Nchi zote mbili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tena kwa wakati mmoja, ndiyo maana tofauti kati yao haibadiliki. Inayobadilika ni tofauti yao na sisi, maana sisi hatusogezi saa. Majira ya baridi Nairobi na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele ya London na mbili mbele ya Amsterdam. Majira ya joto ni mbili na moja. Ukimpigia mtu simu ukamkuta amelala, mara nyingi ni Machi au Oktoba ndiyo imekuponza.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 1940 Uholanzi ilikuwa na saa yake ya Amsterdam, iliyokuwa mbele ya Greenwich kwa takriban dakika ishirini tu, kufuata jua lenyewe. Wajerumani walipoivamia nchi Mei mwaka huo, waliisogeza ikafuata saa ya Berlin, na vita vilipokwisha haikurudishwa ilikokuwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lile fumbo la tiketi mbili ni mabaki ya uvamizi, yamekaa kwenye ratiba za ndege hadi leo.

Na kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kuna mtego mwingine, huu haumo kwenye kitabu chochote cha mwongozo wa wasafiri. Tiketi ikiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Mama mmoja mtaani kwetu aliisoma "saa kumi", akapanga kufika uwanjani saa saba mchana kwa utulivu, na mkoba wake wa samaki wa kukaanga. Ndege ilikuwa imeshatua ilikokuwa inakwenda. Tiketi hutumia saa 24 kuanzia usiku wa manane: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni. Unapompa mtu saa ya kumpokea mgeni, mwambie kwa Kiswahili na umwandikie kwa tarakimu, zote mbili.

Treni si bora zaidi?

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba zinakaribiana kuliko matangazo ya upande wowote yanavyokubali. Eurostar inatoka kituo cha St Pancras katikati ya London, inapita chini ya bahari katika njia iliyofunguliwa mwaka 1994, inakatiza Ufaransa na Ubelgiji, na kukushusha Amsterdam Centraal kwa takriban saa nne. Safari hiyo ya moja kwa moja ilianza Aprili 2018. Unatakiwa kufika kituoni zaidi ya saa moja kabla, maana pasipoti hukaguliwa hapohapo St Pancras, na Waingereza na Wafaransa, kabla hujapanda. Jumla ni saa tano na kitu.

Hesabu ya ndege: saa moja kutoka nyumbani hadi Heathrow, saa mbili za kukaa uwanjani, saa moja na dakika ishirini za safari, nusu saa ya pasipoti ukibahatika, dakika kumi na tano za treni kutoka Schiphol hadi katikati ya Amsterdam. Saa tano na dakika tano. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwachukua wageni alama za vidole na picha mpakani, hivyo ile nusu saa usiiwekee dhamana.

Mei 17, 1920, shirika la KLM lilifanya safari yake ya kwanza kutoka Croydon, kusini mwa London, hadi Schiphol, katika ndege ya kukodi iliyobeba waandishi wa habari wawili na bunda la magazeti. Ilichukua muda wa saa mbili na kitu. Injini za leo ni za aina nyingine kabisa, kompyuta zimejaa hadi chooni, na kwa karne nzima tumeokoa kama saa moja, tukaitumia kuvua viatu kwenye ukaguzi.

Nikiunganisha tu, nahitaji viza?

Uingereza haimo katika eneo la Schengen, Uholanzi imo. Hiyo ni milango miwili yenye funguo mbili tofauti, na viza ya upande mmoja haifungui wa pili. Anayeunganisha bila kutoka nje ya uwanja naye ana masharti yake. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hutakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanjani, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo, ingawa kuna misamaha kwa wenye viza au vibali vya nchi fulani. Orodha ya pamoja ya Schengen ni fupi zaidi. Kenya na Tanzania hazimo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Orodha hizi hubadilishwa, basi zithibitishe ubalozini au kwa shirika lako kabla ya kulipa, na uulize kwa kutaja pasipoti unayosafiria. Usiulize "mimi ni Mswahili nakaa Birmingham." Kaunta haijui Mswahili, inajua rangi ya pasipoti.

Ndege ikichelewa, umbali una maana gani?

Una maana ya fedha. Hapa zile kilomita 370 zinaacha kuwa za udadisi.

Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza ilibaki na nakala yake baada ya kujitoa katika Umoja, inampa fidia abiria aliyefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa kama sababu ni jambo lisiloepukika kwa shirika, mfano dhoruba. Kiwango hupangwa kwa umbali, na sheria yenyewe inasema umbali upimwe kwa ule mstari wa uzi juu ya chungwa, si kwa mizunguko ya Lambourne wala matembezi ya Polderbaan. Chini ya kilomita 1,500 ni yuro 250, au pauni 220 kwa sheria ya Uingereza. Zaidi ya 3,500 hufika yuro 600, au pauni 520, ukichelewa zaidi ya saa nne.

Sasa chukua mtu anayetoka London kwenda Nairobi kupitia Amsterdam. Ndege ya kwanza inachelewa saa moja, ya pili inamwacha, anafika Nairobi kesho yake. Anaambiwa kosa limetokea kwenye kipande cha kilomita 370, basi fidia ni ya safari fupi. Wengi huishia hapo na kushukuru. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba umbali hupimwa kutoka mahali pa kwanza hadi mwisho wa safari, bila kujali ulikounganisha. London hadi Nairobi ni kilomita 6,840 hivi. Tofauti ni pauni 300.

Sharti ni kwamba vipande vyote viwe kwenye tiketi moja, namba moja ya kumbukumbu. Ukinunua London–Amsterdam kwa shirika moja kwa sababu ni rahisi, na Amsterdam–Nairobi kwa lingine kwa sababu ni rahisi, machoni pa sheria hizo ni safari mbili za watu wawili wasiojuana. Ya pili ikikuacha, umeachwa na fedha yako.

Na unahesabiwa umefika lini? Niliwahi kutua Schiphol usiku, ndege imesimama mlangoni, taa zimewashwa, watu wote wamesimama vichwa vimeinama chini ya makabati ya mizigo, na ngazi haiji. Tulikaa hivyo karibu nusu saa. Shirika liliandika saa ya kutua. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilikwishalijibu jambo hili: ndege imefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka. Kwa hiyo ukiwa umeinama chini ya kabati na saa mbili na dakika hamsini zimeshapita, usiangalie magurudumu. Toa simu, upige picha ya mlango unapofunguka, saa ikionekana.